Abdurrahman as-Sufi na Orodha ya Nyota Isiyofutwa



Ndugu msomaji, majina ya al-Khwarizmi, Ibn Sina na Ibn al-Haytham karibu kila mmoja wetu anayajua, hata kama hajafungua kitabu chao hata kimoja. Jina la Abdurrahman as-Sufi hutajwa mara chache katika madrasa zetu, ingawa wanafalaki wa dunia nzima wanamjua, na kreta moja ya mwezini imepewa jina lake kwa namna Wazungu wa zamani walivyolitamka: Azophi. Nimemchagua kwa sababu moja. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta, lakini mwaka huu ilinibidi nielewe jambo moja la kompyuta, nalo ni namna ya kubadilisha thamani katika orodha ya rekodi zisizobadilika. Nilipolielewa nikaona kwamba mtu huyu, aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alilifanya jambo hilohilo kwa wino na karatasi, juu ya orodha ya nyota zaidi ya elfu moja, na akalifanya kwa uaminifu ambao sisi wenye simu mkononi mara nyingi tunaukosa.

Alizaliwa Rayy, mji ulio karibu na Tehran ya leo, katika mwezi wa Muharram mwaka 291 Hijria, yaani Desemba 903 Miladia. Jina lake kamili ni Abul-Husayn Abdurrahman bin Umar as-Sufi. Jina hilo la mwisho lisitupeleke kwenye mijadala tunayoijua sote. Umaarufu wake wote ulitokana na nyota. Zama zake zilikuwa za watawala wa Kibuwayhi, walioishika Uajemi na baadaye Baghdad, huku khalifa wa Bani Abbas akibaki na cheo bila nguvu nyingi. As-Sufi alifanya kazi Isfahan na Shiraz, na mlezi wake mkuu alikuwa Adud ad-Dawla, mtawala mkali aliyependa elimu. Inasimuliwa kwamba mtawala huyu alikuwa akijifakharisha kwa walimu wake watatu: Abu Ali al-Farisi katika nahau, Ibn al-A'lam katika majedwali ya falaki, na as-Sufi katika kuzijua nyota na mahali pake. Wenzangu wanaohangaika na nahau watamfahamu huyo wa kwanza vizuri.

Kabla ya kueleza alichokifanya, tuitazame orodha aliyoirithi.

Katika karne ya pili Miladia, huko Iskandaria, Batlamyus aliandika kitabu kikubwa cha falaki ambacho Waarabu walikiita al-Majisti. Ndani yake mna orodha ya nyota zaidi ya 1,020, zilizopangwa katika makundi 48. Kila nyota ina mstari wake, na kila mstari una vitu vinne. Kwanza maelezo ya nyota ilipo ndani ya picha ya kundi lake, kwa mfano ile iliyo kwenye moyo wa simba. Pili longitudo, yaani nyota iko wapi ukipima kuelekea mashariki kwenye duara la njia ya jua. Tatu latitudo, yaani iko juu au chini ya njia hiyo kwa kiasi gani. Nne daraja la mwangaza, kuanzia la kwanza kwa nyota zinazong'aa sana hadi la sita kwa zile ambazo jicho huzipata kwa shida. Ukimwonyesha mwanafunzi yeyote wa kompyuta atakwambia hii ni orodha ya rekodi, na kila rekodi ina sehemu nne.

Al-Majisti ilitafsiriwa kwa Kiarabu zaidi ya mara moja. Al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar aliitafsiri mwaka 212 Hijria, kisha baadaye katika karne hiyohiyo Is-haq bin Hunayn akaitafsiri upya, na Thabit bin Qurra akaipitia kazi yake. Namba za majedwali ziliandikwa kwa herufi za abjadi, na hapa sisi tuliosoma Kiarabu tunaweza kuiona hatari kwa macho yetu. Jim ni tatu na ha ni nane, na kinachozitenganisha ni nukta moja tu. Mwandishi akisinzia, au wino ukidondoka, nyota inahama nyuzi tano mbinguni. Anayenakili kwake hatajua. Atanakili nane kwa mwandiko mzuri sana.

Hilo lilikuwa tatizo la waandishi. Tatizo la pili lilikuwa la mbingu yenyewe. Nyota hizi waliziita thabiti kwa sababu hazibadilishi mahali pake baina ya zenyewe kwa zenyewe, tofauti na Zuhura au Mirihi. Lakini zote kwa pamoja huonekana kusogea polepole sana kwenye ile hesabu ya longitudo. Leo tunajua kwamba mhimili wa dunia unayumba kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua karibu miaka 26,000. Kwa hiyo alama tunayoanzia kuhesabu longitudo inarudi nyuma, na longitudo ya kila nyota inaongezeka nyuzi moja kwa kila miaka 72 hivi. Latitudo hazibadiliki kwa sababu hiyo. Batlamyus alidhani ni nyuzi moja kwa miaka 100. Wanafalaki waliofanya kazi chini ya khalifa al-Ma'mun waliikaribia kweli zaidi, wakasema nyuzi moja kwa miaka 66.

Basi ukiwa Isfahan mwaka 350 Hijria na orodha ya Batlamyus mkononi, una orodha iliyopitwa na zaidi ya miaka 800. Kila mstari una namba moja iliyochakaa. Utafanyaje?

Swali hilo nililikuta kwanza Busia.

Kwa asiyeijua, Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, na pande zote mbili zinaitwa Busia, ya Kenya na ya Uganda. Mtu huvuka asubuhi kwenda kuuza na kurudi jioni kufuturu, na mfukoni ana shilingi za aina mbili. Waislamu wa pale wana michango inayovuka mpaka pia. Kulikuwa na mfuko mmoja wa futari, wachangaji wake wako pande zote mbili, na ununuzi wa mchele na sukari ulifanyika Tororo kwa shilingi za Uganda. Orodha ya ahadi iliwekwa kwenye kompyuta: jina, kiasi, na basi. Wa Kenya waliandikiwa shilingi za Kenya, wa Uganda za Uganda. Ukafika wakati wa kuzigeuza zote kuwa za Uganda. Kijana mmoja akaanza kuzidisha kwa 28, mstari kwa mstari, akiandika namba mpya juu ya ile ya zamani. Adhana ya magharibi ikamkuta katikati. Siku ya pili mwenzake akakaa, hakuambiwa, akaanza tena kutoka juu.

Kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa sokoni aliyeahidi shilingi 500 za Kenya. Mara ya kwanza zikawa 14,000 za Uganda, ambayo ni sahihi. Mara ya pili zikawa 392,000. Akapigiwa simu kukumbushwa deni lake. Yule mama hakuwa na karatasi yoyote. Na kamati nayo haikuwa na kitu cha kumwonyesha, kwa sababu namba yake ya kwanza haikuwepo tena popote. Ilifutwa mara mbili. Baadhi ya watu walisema amesahau ahadi yake. Ndugu zangu, heshima ya mtu mzima, anayetoa katika kichache alichonacho, ilitiwa doa na hesabu ya kuzidisha.

Ndugu mmoja anayesoma kompyuta alipoletewa kazi hiyo hakuanza na kutafuta nani alaumiwe. Aliuliza kwa nini rekodi ziliruhusiwa kubadilishwa. Akatueleza kwamba kuna lugha nyingi za programu ambamo unaweza kutangaza kwamba rekodi ikishaundwa haiguswi. Haskell imejengwa hivyo tangu mwanzo, na Java nayo iliingiza rasmi rekodi za aina hiyo mwaka 2021. Ukitaka kubadilisha kiasi, unaunda rekodi mpya inayonakili kila kitu kutoka ile ya zamani isipokuwa kile kimoja ulichotaja. Ukitaka kuibadilisha orodha nzima, unapita kila rekodi, unatoa mpya, na matokeo yake ni orodha mpya. Ya zamani inabaki kama ilivyokuwa, na kila mwenye shaka anaweza kuirudia. Mmoja wetu akauliza kama si ubadhirifu kunakili vitu vyote hivyo kwa ajili ya namba moja. Akajibu kwamba kompyuta hainakili kila kitu. Sehemu ambazo hazikubadilika zinaweza kutumiwa na orodha zote mbili kwa pamoja, maana hakuna hatari ya mmoja kuichafulia nyingine. Tena kwenye kila rekodi akaongeza sehemu ya aina ya fedha, ili shilingi ya Kenya isije ikahesabiwa tena kama haijageuzwa.

Sisi wa masomo ya dini tungepaswa kulielewa hili mapema zaidi. Wanachuoni wa hadithi hawakuichoma riwaya dhaifu. Waliiandika, wakaandika na ila yake, wakataja ilipoingia. Hukumu iliyofutwa haikuondolewa vitabuni. Imewekwa pale, na iliyokuja baada yake ikatajwa. Bila hivyo elimu ya nasikh na mansukh isingekuwepo, kwa sababu kusingekuwa na cha kulinganisha.

Sasa turudi kwa as-Sufi. Kitabu chake kinaitwa Suwar al-Kawakib ath-Thabita, yaani picha za nyota zilizo thabiti. Alikiandika kiasi cha mwaka 353 Hijria, 964 Miladia, akiwa na miaka sitini na kitu, akamtunukia Adud ad-Dawla. Alichukua orodha ya Batlamyus mstari kwa mstari na kila sehemu ya rekodi akaitendea kwa namna yake.

Kwenye longitudo aliongeza kiasi kimoja kwa nyota zote: nyuzi 12 na dakika 42, kwa hesabu ile ya nyuzi moja kwa miaka 66. Tuchukue Qalb al-Asad, moyo wa simba, nyota inayong'aa katika kundi la Asad. Batlamyus aliiweka nyuzi 2 na dakika 30 ndani ya buruji ya Asad. Ongeza 12 na 42, unapata nyuzi 15 na dakika 12. Latitudo yake, dakika 10 tu kaskazini ya njia ya jua, as-Sufi hakuigusa, na hakuwa na sababu ya kuigusa. Hii ndiyo rekodi mpya: imenakiliwa kutoka ya zamani, namba moja imebadilika.

Na hapa ndipo ninapompendea. Alisema ameongeza kiasi gani. Akaeleza kwamba namba hizi ni za mwanzo wa mwaka gani wa hesabu ya Iskandar, sawa na Oktoba 964. Kwa hiyo mtu yeyote, popote, hata leo, anaweza kutoa nyuzi 12 na dakika 42 kutoka kwenye jedwali la as-Sufi akapata tena namba ya Batlamyus kama ilivyokuwa mbele yake. Yule mama wa dagaa angepata haki yake kwa dakika moja kama orodha yake ingeandikwa na mtu wa namna hii.

Kwenye mwangaza alifanya kazi nyingine kabisa. Hapa hakuna hesabu ya kukuokoa, ni lazima utoke nje usiku ukatazame. As-Sufi alitazama. Alipita kundi baada ya kundi akaandika daraja aliloliona kwa macho yake, na palipohitaji akagawa daraja lenyewe, akaeleza kama nyota ni kubwa au ndogo ndani ya daraja lake. Mahali pengi alikubaliana na Batlamyus. Mahali pengi pia alitofautiana naye, na akasema wazi kwamba Batlamyus ametaja hivi, na inavyoonekana ni vile. Hadi leo wanaochunguza nyota zinazobadilika mwangaza huvirudia viwango vyake, maana wanajua alichokiandika ndicho alichokiona.

Katika utangulizi wake aliwalalamikia sana watu wa aina mbili. Wa kwanza ni waliochora nyota juu ya matufe kwa kuchukua namba vitabuni bila kuinua kichwa. Matufe yao yalikuwa mazuri, na makosa ya nukta za abjadi yamechongwa juu yake kwa ustadi. Wa pili ni waliojua majina ya nyota kwa mapokeo ya Waarabu, lakini ukiwatoa nje hawawezi kukuonyesha ni ipi. Alikwenda mpaka Dinawar, mji wa Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyeandika kitabu mashuhuri cha nyota kwa mapokeo ya Waarabu. (Huyu siye Imamu Abu Hanifa wa fiqhi, huyu alifariki mwaka 282 Hijria, na anakumbukwa pia kwa elimu ya mimea.) As-Sufi alikisifu kitabu chake kuwa ndicho kamili kuliko vyote katika fani hiyo, kisha akasema mwenye kitabu alitegemea zaidi alichokisikia kuliko alichokitazama. Sifa na kasoro aliviweka pamoja, bila matusi. Wenzangu wa midahalo ya jioni nadhani mmenielewa.

Alifanya na mengine. Kwa kila kundi alichora picha mbili, moja kama linavyoonekana ukitazama mbinguni, nyingine kama linavyoonekana kwenye tufe, ambapo kushoto na kulia hugeuzwa, ili anayenakili asichanganyikiwe tena. Pembeni ya picha za Wayunani aliweka majina ya Waarabu wa jangwani, wale waliosafiri kwa nyota. Sura ya al-An'am, aya ya 97, inaitaja neema hiyo ya kuongozwa na nyota katika giza la bara na bahari, na bila kazi kama yake, mengi katika majina hayo yangepotea. Na katika kundi la mwanamke aliyefungwa minyororo alitaja doa dogo lenye ukungu. Leo tunajua doa hilo ni galaksi nzima, Andromeda, na kutajwa kwake humo ndiko kwa kale zaidi kunakojulikana. Kuanzia Novemba, umeme ukikatika Tororo na mawingu yakiwa yamesafishwa na mvua, tazama upande wa kaskazini, karibu katikati ya upeo na utosi. Utaliona bila chombo.

Aliona pia nyota zaidi ya mia moja ambazo hazimo kwa Batlamyus. Wengi wangezichomeka kwenye jedwali na kulifanya lao. Yeye alizieleza katika maandishi, nyota ipo karibu na ipi na inang'aa kiasi gani, na jedwali akaliacha na hesabu yake ileile ya mistari. Aliyesoma alijua kipi ni urithi na kipi ni nyongeza.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu wasifu wa mwanachuoni usiokuwa na upande wa pili ni tangazo la biashara. As-Sufi hakupima upya longitudo na latitudo za nyota hizo. Alinakili na kuongeza. Kosa lolote alilolifanya Batlamyus, au mwandishi wake, kwenye mahali pa nyota fulani, liliingia kwenye rekodi mpya likiwa zima, limeongezewa nyuzi 12 na dakika 42. Mara nyingine as-Sufi mwenyewe aliona kwamba umbali uliomo kitabuni haulingani na mbingu, akasema hivyo katika maelezo, lakini kwenye jedwali namba ikabaki. Yule ndugu wa kompyuta nilipomweleza alicheka, akasema hii ndiyo hatari ambayo rekodi zisizobadilika hazikuondolei: unaponakili kila kitu isipokuwa kimoja, umekithibitisha kile kimoja tu.

Kuna na ajabu nyingine katika hesabu yenyewe. Kwa kiwango tunachokijua leo, tangu zama za Batlamyus hadi 964 longitudo ziliongezeka nyuzi 11 na nusu hivi, si 12 na dakika 42. As-Sufi aliongeza zaidi ya nyuzi moja ya ziada. Lakini longitudo za Batlamyus zenyewe zilikuwa pungufu kwa karibu nyuzi moja. Makosa mawili, moja la Iskandaria na moja la Baghdad, yakakaribia kulipana, na jedwali la as-Sufi kwa wastani likawa karibu na mbingu kuliko lilivyostahili. Baadhi ya ndugu hupenda kulifanya jambo la namna hii kuwa muujiza. Mimi naliona kuwa ni bahati, na naona as-Sufi mwenyewe, kwa tabia yake, angetaka liitwe bahati.

Je, tumlaumu? Wapo watakaosema mtu aliyekuwa na mtawala tajiri nyuma yake angeweza kupima yote upya. Mimi nasita. Kupima mahali pa nyota elfu moja ni kazi ya chombo kikubwa, jengo la kudumu na timu ya watu kwa miaka. Alichagua kufanya vizuri kile ambacho jicho moja linaweza, na kile asichoweza akakipitisha kwa aliyefuata kikiwa na alama. Hata hivyo natamani angethubutu kuzipima hata nyota mia moja tu.

Aliandika pia kitabu kirefu juu ya matumizi ya astrolabu, na inasimuliwa alimtengenezea Adud ad-Dawla tufe la nyota la fedha ambalo lilionekana Cairo katika maktaba miaka mingi baadaye. Adud ad-Dawla alifariki mwaka 372 Hijria, 983 Miladia. Mwalimu wake alimfuata Muharram 376, Mei 986, akiwa na miaka themanini na mitano ya Hijria. Mwanawe aliandika urjuza, shairi la kufundishia, juu ya makundi ya nyota, kwa hiyo elimu haikutoka nyumbani.

Waliokuja baada yake walimtendea kama alivyomtendea Batlamyus. Al-Biruni, alipotengeneza orodha yake katika al-Qanun al-Mas'udi, aliongeza longitudo kwa zama zake, na kwenye mwangaza akaweka safu mbili, ya Batlamyus na ya as-Sufi, zikae bega kwa bega msomaji aone mwenyewe. Nasir ad-Din at-Tusi alikitafsiri kitabu kwa Kiajemi mwaka 647 Hijria, 1250 Miladia. Katika karne hiyohiyo wanachuoni wa mfalme Alfonso wa Kastilia, huko Hispania, walikijengea kitabu chao cha nyota juu yake. Mwaka 1874 Schjellerup, mwanafalaki wa Denmark, alikichapisha kwa Kifaransa, na wanafalaki wa Ulaya wakaanza kulinganisha mwangaza wa nyota zao na wa as-Sufi.

Aliyefanya kile ambacho as-Sufi hakukifanya alikuwa Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand na mwanahesabu. Alijenga kituo kikubwa cha kutazamia nyota na kuzipima upya longitudo na latitudo, na orodha yake ya nyota 1,018 ilikamilika kwa zama za mwaka 841 Hijria, 1437 Miladia. Miaka 473 ilikuwa imepita. Hata hivyo kulikuwa na nyota 27 za kusini mno ambazo kutoka Samarkand hazionekani, upeo unazificha. Ulugh Beg hakuzitupa na hakuzibuni. Alizichukua kwa as-Sufi, akaongeza kiasi cha miaka iliyopita, na akasema kwamba amezichukua kwake. Suhayl, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga la usiku, haichomozi kabisa Samarkand. Isfahan hupanda nyuzi tano tu juu ya upeo, kisha hushuka. Hapa kwetu, chini kidogo ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta, hupanda nyuzi 37 hivi, na usiku wa Januari na Februari, ukisimama Tororo au Busia ukaupa mgongo upande wa Mbale, utaikuta mbele yako upande wa kusini, juu ya mapaa ya mabati. Hakuna hata kundi moja katika yale 48 ya as-Sufi ambalo halichomozi hapa.